Mlinzi wa Nyumba ya Mnada na Kofia Nne za Chuma

Kwa miaka kumi na moja nilikaa hatua nne kutoka kwake. Yeye alisimama mlangoni mwa nyumba ya mnada, kwenye barabara kubwa ya Kensington, Johannesburg, na mimi nilikaa chini ya kibaraza cha duka la jirani, na meza yangu ya kushonea viatu na mikoba. Mtu ukiwa naye karibu hivyo, mchana kutwa, unamjua kwa vipande. Nilijua kikohozi chake. Nilijua goti lipi humsumbua kabla ya mvua. Lakini alizaliwa wapi hasa, na baba yake alikuwa nani, sikuuliza na yeye hakusema. Alitoka Kongo ya mashariki. Hilo ulilijua mara tu alipofungua kinywa. Mtaa mzima ulimwita Papa, nami nikamwita hivyo hivyo. Yeye aliniita Fundi.

Naandika kwa sababu amefariki, na kwa sababu niliharibu kitu chake, kisha nikamwacha aamini kwamba kilichoharibika ni macho yake. Nimelitanguliza hilo ili msomaji asidhani ninamsifu marehemu ili nami nionekane mwema.

Hakuwa mtu wa kukaa. Kampuni ilimpa kiti cha plastiki, akakifanya mahali pa kuwekea chakula na Biblia. Nilimwambia, "Papa, pumzika kidogo, mwizi gani atakuja saa hizi?" Akasema, "Mulinzi akikaa, na mulango unakaa." Alisimama hivyo mpaka jioni, mikono nyuma, kofia yake ya ulinzi imenyooka kichwani, viatu vinang'aa. Viatu vile nilivishona soli mara nyingi, na kila mara alivikagua kana kwamba ndiyo kwanza tumekutana.

Asubuhi alinisalimu kwa kunichokoza.

"Fundi, umeamka?"

"Nimeamka, Papa. Ningefikaje hapa nikiwa nimelala?"

"Weye mutu wa Tanga unaweza. Munatembea polepole, hatujue kama munaota."

Nami nilimwambia Kiswahili chake kimepanda milima mingi, kikapoteza viatu njiani. Alilipenda sana neno hilo. Akaenda kulisimulia kanisani kwao, na wiki iliyofuata Wakongo watatu wakaniletea viatu, kila mmoja akicheka kabla hajafika mezani.

Hata hiyo meza ni yeye aliyenipatia nafasi yake. Nilipofika mjini nililala Hillbrow, chumba kimoja watu saba, na nilizunguka na begi la vifaa begani nikifukuzwa kila kona. Siku moja nilisimama karibu na mlango wake kujikinga na jua. Aliniangalia, akaangalia msharasi, ile sindano ya kutobolea ngozi, uliotokeza kwenye begi, akaenda kuzungumza na mwenye duka la jirani. Alimwambia mimi ni mtoto wa dada yake. Mwenye duka aliuliza jina langu, nikasema Rajabu. Akamgeukia Papa, mzee wa kanisa mwenye msalaba shingoni, akamuuliza mtoto wa dada yake anaitwaje Rajabu. Papa hakupepesa macho. Alisema, "Dada yangu aliolewa mbali."

Baadaye nilimkumbusha kwamba alidanganya kwa ajili yangu. Alikasirika. Alisema hakudanganya, kwa kuwa yeye dada anao wengi na hajui wote waliolewa wapi. Hivyo ndivyo alivyokuwa. Alichukia uongo kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua, na alikuwa na milango yake midogo ya kutokea.

Sasa niseme juu ya kofia.

Nyumba ya mnada huuza vitu vya watu waliokufa. Watoto wako nje ya nchi, nyumba inauzwa, na vitu vinaletwa kwa lori: makabati, vyombo, picha za harusi za watu ambao hakuna anayewajua. Mnada ni Jumamosi. Vilivyokosa mnunuzi hutupwa, au wafanyakazi huambiwa wachukue. Huko ndiko Papa alikoipata kofia yake ya kwanza. Ilikuwa ya chuma, ya kijeshi, lakini haikuwa na ukingo wowote. Ilikuwa mviringo mtupu kama sufuria iliyofunikwa. Alinieleza kwamba alijiuliza swali moja tu: askari gani huyu asiyetaka kivuli usoni? Akaenda maktaba siku yake ya mapumziko kutafuta jibu. Ilikuwa kofia ya askari wa miavuli wa Waingereza, wa ile vita kubwa ya pili. Haikuwa na ukingo kwa sababu ukingo ungenaswa na kamba za mwavuli pale mtu anaporuka kutoka kwenye ndege.

Tangu siku hiyo hakuacha. Watu wengine wanakusanya kofia hizi hadi ukuta unajaa. Yeye, kwa miaka yote hiyo, alipata nne, na kwa hesabu yake mwenyewe moja kati ya hizo ilikuwa ya uongo. Hakuitupa. Alisema ile ndiyo mwalimu wake.

Wakati wa chakula aliniletea mbili, akaziweka mezani kwangu juu ya viatu vya watu.

"Iko gani ya parachuti?"

Niliziangalia. Zilikuwa pacha. Nikaonyesha moja kwa kubahatisha.

"Ile ni ya mutu wa kifaru," alisema, akafurahi kwamba nimekosea. "Chuma ni ileile. Kiwanda ni kilekile. Waongo wanachukua hii, wanatoboa tundu nyuma, wanatia mukanda mupya, wanauzisha bei ya parachuti. Angalia ndani ya tundu. Kuna rangi?"

"Hakuna. Chuma tupu."

"Njo hivyo. Kiwandani wanatoboa kwanza, wanapaka rangi nyuma. Mwongo anatoboa juu ya rangi. Mwongo anasahau ndani ya tundu."

Alinifundisha mengine pia. Zile za mwanzo kabisa, ambazo ni adimu, zilikuwa na mzingo mweusi pembeni na mikanda ya ngozi. Baadaye walibadilisha, wakatumia mikanda ya turubai. Alinifundisha kunusa. Jasho la mtu aliyekufa zamani lina harufu kwenye ngozi, alisema, kama kabati la shule. Nilinusa, na kwa kweli nilisikia harufu ya ngozi kavu tu. Lakini mimi ni mtu wa ngozi, na hapo ndipo alipoanza kuniona kama mtu anayeweza kumsaidia. Aliniuliza ng'ombe au kondoo, imeshonwa kwa mkono au kwa mashine, uzi huu ni wa zamani au wa jana. Sikusoma zaidi ya darasa la saba, na hakuna mtu kabla yake aliyewahi kuandika kwenye daftari jambo nililosema.

Aliwaandikia wakusanyaji wa ng'ambo. Alikwenda kwenye kiduka cha kompyuta, akaandika barua ndefu kwa Kiingereza cha vitabuni, akaweka herufi moja ya jina lake chini, na Kensington, Johannesburg. Wale watu wakamjibu kwa heshima, wakamwita Meja. Alinionyesha karatasi.

"Papa, wanadhani wewe ni afisa mstaafu."

"Hawakuuliza."

"Utawaambia?"

"Wakiuliza nitasema niko mulinzi. Wakiuliza."

Hawakuuliza kamwe. Lakini alipogundua kwamba amewaandikia vibaya juu ya skrubu moja, kwamba alisema shaba na kumbe ilikuwa chuma kilichopakwa, aliomba ruhusa kazini, kitu ambacho hakuwahi kuomba hata alipougua, akaenda kumwandikia kila mmoja wao kusahihisha.

Niliwahi kumuuliza mtu aliyekimbia vita anataka nini na kofia za vita. Nilikuwa nashona, sikumtazama. Kisha alisema kwamba kwao alizika watu wengi, wengine bila kujua ni nani, na hapakuwa na mahali popote palipoandikwa jina. "Hawa Wazungu walikuwa wanaandika jina ndani ya kofia," alisema. "Fundi, mutu anaenda kufa, anaketi anaandika jina yake kwanza."

Hakuwa anazimiliki zile kofia. Hilo lazima lieleweke. Alikuwa anazishikilia. Siku moja alikuja Mkenya mmoja kutoka Sandton, mtu wa benki, amevaa vizuri, anapenda vitu vya kale. Alisikia habari za Papa huko ndani ya mnada.

"Mzee wangu, si uniuzie hiyo moja tu? Nitaiweka ofisini, watu wa maana waione."

"Na hao watu wa maana watamujua mwenyewe?"

"Mwenyewe ni nani?"

"Njo niko natafuta."

"Na ukimpata? Si atakuwa alishakufa?"

"Nitapatia nduguye."

Yule Mkenya alicheka, akanitazama mimi kama anatafuta shahidi. "Fundi, huyu mzee wako ni mgumu." Nikasema, "Ni mgumu lakini ni wetu." Papa aliisikia, na siku nzima alikuwa na furaha. Lakini katika miaka yote hiyo hakuwahi kumpata ndugu hata mmoja. Kofia hazikuwa na majina, au majina yalikuwa yamefutika. Alisubiri moja tu.

Kulikuwa na mama mmoja, Mzungu, mzee sana, aliyekuja mnadani kila Jumamosi. Hakununua kitu. Alikaa kiti cha nyuma, akatazama vitu vya watu wa rika lake vikienda. Papa alimfungulia mlango na kumshika mkono kwenye ngazi, na kidogo kidogo wakawa wanazungumza. Yule mama alimwambia kwamba kaka yake mkubwa alikwenda vitani upande wa Waingereza, akawa askari wa miavuli, akaruka na hakuonekana tena. Hakuna kaburi. Hakuna hata kifungo kilichorudi. Yeye alikuwa mtoto mdogo, kichwa hakijafika mezani, na alichokumbuka ni kwamba kaka yake alimbeba kumwonyesha treni. Alimtajia Papa jina la kaka yake. Sitaliandika hapa, kwa sababu sina haki nalo.

Kofia ya nne ilitoka kwenye sanduku la bati, katika nyumba ya mzee mmoja aliyekufa bila watoto. Ilikuwa ya zile za mwanzo, ya mzingo mweusi na mikanda ya ngozi. Ndani kuna ukanda mpana wa ngozi unaozunguka kichwa, na ulikuwa umekauka na kujikunja kama jani la tumbaku. Papa aliuchungulia kwa pembeni, kwenye jua, akaona alama za penseli. Aliona tarakimu za mwisho za namba, na herufi mbili. Herufi mbili zile ndizo zinazoanza jina la yule kaka.

Jumamosi alimwambia yule mama. Nilikuwepo, niliwaona. Alimwambia asifurahi bado, kwamba ukanda lazima ufunguliwe, kwamba Jumamosi ijayo atampa jibu. Yule mama alishika mkono wa koti lake, akaushika muda mrefu, kisha akaenda zake bila kuingia mnadani.

Jumatatu Papa aliniletea kofia, imefungwa kwa shuka.

"Fundi, hii ngozi nikiikunjua miye itapasuka. Weye unajua. Ukate uzi ya zamani, uifungue, uilaze. Njo hiyo tu. Usiguze kingine. Kesho nitakuja na kioo yangu tusome."

Nilisema sawa.

Wenye kazi ya mkono wataelewa nilichofanya, na sisemi hivyo kujitetea. Kila mteja husema "shona hapo tu". Anakuletea kiatu kichafu, anataka soli, basi. Ukimrudishia kimeshonwa na kung'arishwa, anafurahi kama mtoto. Fundi aliyenifundisha Tanga alikuwa akinipiga konzi kama kazi ikitoka mezani na vumbi. Alisema kazi chafu ni tusi kwa mteja. Na ngozi kavu huwezi kuilaza bila kuilainisha; hilo nalo ni kweli. Kungekuwa na njia ya kuilainisha kwa upande wa nyuma tu, kidogo kidogo, kwa mvuke. Ingechukua siku nzima. Mimi nilitaka Papa aikute nzuri. Nilitaka kumlipa kwa ile meza, kwa ile "dada yangu aliolewa mbali".

Nikachukua sabuni ya ngozi na kitambaa cha maji, nikasugua ndani na nje. Ilikuwa nyeusi kwa uchafu. Nikasugua mpaka ikaanza kuonyesha rangi yake, kahawia nzuri, nikafurahi. Kisha nikakunja kitambaa kutafuta upande safi, nikakiona. Kilikuwa zambarau.

Nilijua zile penseli. Bibi yangu alikuwa nayo moja, ya ofisi ya posta ya zamani. Ukiandika ni kijivu, ukilowesha inakuwa zambarau na kuyeyuka. Niliifungua ngozi yote, nikaigeuza kwenye jua. Ilikuwa safi kama kiganja.

Nilikifua kile kitambaa. Nilikifua bombani nyuma ya duka, mara tatu, mpaka kikawa cheupe.

Kesho yake alikuja na kioo chake cha kukuzia. Aliitandaza ngozi mezani, akainama. Alihamisha kioo polepole kutoka upande huu hadi ule, akarudia, akarudia tena. Watu walipita, mmoja akataka kamba za viatu, nikamwambia angoje.

"Fundi. Uliona maandishi?"

"Sikuona kitu, Papa."

Nimeyapima maneno hayo miaka mingi. Yalikuwa kweli. Sikuona maandishi, niliona uchafu. Nilichukua jambo la kweli nikalifanya uongo, na nilikuwa nimejifunza kwake namna ya kufanya hivyo.

Aliinuka, akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Basi niliota," alisema. Hakuuliza kwa nini ngozi imekuwa laini. Aliniamini mpaka pale ambapo mtu mwingine yeyote angeuliza.

Jumamosi alimwambia yule mama kwamba alikosea. Nilitazama soli niliyokuwa naishona, sikuinua macho. Nilimsikia yule mama akimwambia kwa upole kwamba si kitu, kwamba hata yeye siku hizi huona vitu. Alikuwa anamfariji. Hakurudi tena mnadani. Kipupwe cha mwaka wa pili tulisikia kwamba amefariki, na baada ya muda vitu vyake vikaletwa kwa lori kama vya wengine. Papa aliwafungulia mlango wabebaji.

Kabla ya hapo aliniomba nimpeleke kwenye kliniki ya macho. Alisema anaogopa kwenda peke yake, yeye aliyesimama mlangoni mbele ya watu wenye silaha. Tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi. Daktari alimpima kwa mashine na kwa herufi za ukutani, akasema macho yake ni mazuri kwa umri wake, kwamba wengi wangetamani kuwa nayo. Nilidhani atafurahi. Tulipotoka nje, pale kwenye robot, taa za barabarani, tukingoja magari yasimame, alisema, "Kama macho iko muzuri, ni kichwa njo imeharibika." Taa ilibadilika, watu wakavuka, sisi tukabaki. Nilikuwa na nafasi ya kusema pale pale. Nilimshika kiwiko nikamvusha.

Aliacha kazi mwaka huo wa pili, baada ya vitu vya yule mama kuuzwa. Hakuna aliyemwachisha. Alisema mlinzi anayeona vitu ambavyo havipo, kesho atakosa kuona vilivyopo. Aliacha pia kuwaandikia watu wa ng'ambo. Aliwatumia barua ya mwisho kuwaambia wasiyategemee yale aliyowaandikia nyuma, kwa sababu hana uhakika tena na alichokiona. Miaka yote ya kazi yake akaifuta kwa barua moja. Mahali pake mlangoni waliweka kijana anayekaa kwenye kiti.

Nilikwenda kumwona nyumbani kwa binti yake, Hillbrow, mwanzoni kila wiki, halafu kila mwezi, halafu nikapata sababu za kutokwenda. Wajukuu walinisalimu kwa Kizulu na yeye akawagombeza kwa Kiswahili, na wao wakamjibu kwa Kiingereza. Tulicheka. Hatukuzungumza habari za kofia.

Miaka minne baada ya lile jambo binti yake alinipigia simu. Papa hali kitu, alisema, na anataka Fundi aje mchana, wakati ana nguvu.

Alikuwa amekaa kitandani, mito mgongoni, mwepesi kama nguo. Aliniuliza kama nimeamka. Nikasema nimeamka. Kisha akamwambia binti yake amletee ile kitu. Ilikuwa kofia ya nne. Aliishika magotini kwa mikono miwili.

"Zile ingine tatu nimeacha zitaenda kwa yule Mukenya," alisema. "Atazionyesha watu yake ya maana. Lakini hii haina mutu ataielewa. Weye unajua ngozi. Uliilainisha muzuri, mpaka leo haijapasuka. Kamata."

Akaisogeza kwangu.

Sikunyoosha mkono. Nilimwambia, "Papa, siwezi kuichukua. Yale maandishi niliyafuta mimi."

Nilimweleza yote. Sabuni, kitambaa, bombani. Nilimwambia nilisema sikuona kitu, na ni kweli sikuona, na kwamba nilijua ninachofanya niliposema hivyo. Binti yake alisimama mlangoni, hakuelewa tunazungumza nini. Papa alinisikiliza kama alivyosikiliza habari za ngozi, kichwa kimeinama upande.

"Kitambaa kilikuwa rangi gani?"

"Zambarau."

Aliyafumba macho, akayagusa kwa vidole, moja baada ya jingine.

"Nilionaka ile maandishi," alisema. Akamwambia binti yake, "Nilionaka muzuri." Binti yake akasema, "Ndiyo, Papa," kama mtu anavyomjibu mgonjwa.

Kisha akanigeukia, na sauti yake ilikuwa ileile ya wakati wa kupima skrubu. "Na jina? Mbele ya kufuta, ulisoma jina? Hata kipande?"

Nilikuwa nalijua jina. Alikuwa amenitajia mwenyewe zamani. Ningeweza kulitamka kipande kipande, kana kwamba nalikumbuka, na angelala na uhakika aliouhangaikia maisha yake yote. Lilikuwa limefika kwenye ulimi. Sijawahi kutaka kusema uongo kama nilivyotaka siku ile.

"Sikusoma, Papa. Niliona uchafu tu."

Alitikisa kichwa kukubali.

"Yule mama alikufa anajua miye ni muzee wa kuota," alisema. Halafu akasema, "Ungeniambia ile siku, ningekasirika juma moja. Labda mbili, juu ya ugumu ya kichwa yangu."



Aliivuta kofia ikarudi magotini kwake, polepole, kwa sababu ilikuwa nzito kwake, akaifunika kwa mikono yote miwili. Nikajua sitaipewa, na nikaona ni haki. Nilitaka kuondoka. Lakini yeye alimwita binti yake.

"Fundi hajakunywa chai," alisema.

Binti akaleta chai, ya moto sana. Niliinywa yote, bila kupumzika, na ulimi ukaungua. Papa hakunitazama. Alinisubiri nimalize, kwa adabu, kama unavyomsubiri mgeni.